Ubongo wa Mainasi Tisa

Najua nimepotea hapa kijiweni. Wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Jamani! Sijadisko, nipo hapahapa Mlimani, mwaka wa tatu, napambana na madesa kama nyie. Ila leo nina jambo lililonikaa kifuani muda mrefu, kwahiyo kama unasoma hii huku umening'inia mlangoni mwa daladala la Mwenge, subiri ushuke kwanza.

Mambo yalianzia kwa Zai, mwenzangu wa chumbani (mshamzoea, yule wa chapati). Wiki iliyopita, usiku, mimi nimeshavua miwani nimejilaza, akaanza kusoma simu yake kwa sauti: "Watu wenye tatizo kali la kutoona mbali, utendaji kazi wa ubongo wao hubadilika." Akaweka simu chini, akaniangalia kwa huruma ya uongo. "Mwenzangu, kumbe tatizo lako si macho. Ni kichwa!"

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye akalala. Mimi sikulala. Nikabaki naitazama dari ambayo kwangu bila miwani ni ukungu mweupe tu, nikawa najiuliza: ubongo umebadilikaje? Umeharibika? Maana hilo neno la kichwa mimi nimeambiwa tangu nikiwa mdogo, na hao walioniambia hawakuwa wanatania.

Kwa wageni wa kijiwe hiki: mimi ni mainasi tisa. Macho yote mawili, la kushoto limezidi kidogo. Miwani yangu ni vile vioo vinene ambavyo ukiniangalia unaona macho madogo kama punje za choroko.

Nimekulia Kilosa. Kosa langu la kwanza maishani, kwa mujibu wa watu wa mtaani kwetu, lilikuwa maringo. Mama mdogo alikuja nyumbani siku moja kushtaki: "Dada, huyu binti yako siku hizi ana majivuno, nimepishana naye njia ya sokoni ananipita kama nguzo, shikamoo hakuna." Nilichapwa. Sikuwa nimemwona. Yaani niliona mtu, ila mtu yupi sikujua, maana nyuso zilikuwa hazina macho wala midomo mpaka zifike karibu kabisa. Baada ya kile kipigo nikaamua kumwamkia kila kitu chenye kimo cha mtu mzima. Nilishawahi kuliamkia gunia la mkaa lililofunikwa kanga, teh teh teh. Nikajifunza kuwatambua watu kwa mwendo, kwa rangi ya nguo, kwa kikohozi.

Darasani ndiyo kulikuwa na balaa. Nilikuwa mrefu, na warefu wanakaa nyuma ili wasiwazibe wenzao. Kutoka nyuma, ubao ulikuwa ubao mweusi wenye vumbi. Nilikuwa nasoma kwa masikio. Mwalimu akitamka anachoandika, nimo. Akiandika kimyakimya, nakopi kwa jirani, na jirani akikosea tunakosea wote. Darasa la tano mwalimu mmoja alinishika daftari, akalilinganisha na la jirani, akalionyesha darasa zima akasema, "Huyu ni kilaza, tena kilaza mwizi." Niliitwa Kilaza mpaka namaliza la saba. Hata sasa nikienda likizo kuna mtu ataniita hivyo kwa mapenzi tu.

Miwani nilipata kidato cha pili, mwaka 2018, baada ya watu wa macho kuja shuleni kupima. Kitu nilichokishangaa siku ile mtacheka: nyaya za umeme. Nguzo nilikuwa nazijua, ila sikuwahi kujua kwamba kutoka nguzo moja kwenda nyingine kuna nyaya, na juu ya nyaya kuna ndege wamepanga foleni. Nilisimama barabarani nimeachama kama mtu aliyeona ndege Ulaya. Halafu nikashindwa kushuka ngazi. Kwenye miwani ile sakafu ilionekana ipo chini sana, vitu vyote vimekuwa vidogo, ukuta umepinda. Siku tatu nilitembea kama mlevi, kichwa kinauma. Baada ya wiki kila kitu kikanyooka chenyewe. Miwani ilikuwa ileile. Macho yalikuwa yaleyale. Wakati huo sikujiuliza ni nini kilichonyooka.

Sasa rudi kwenye usiku ule wa Zai. Asubuhi nikaenda maktaba mpya, ile kubwa waliyojenga Wachina, nikakaa kwenye kompyuta mpaka njaa ikaniuma. Nasoma ualimu wa Baiolojia na Kemia, kwahiyo jicho nalijua kwa mitihani. Ila kusoma kwa ajili ya mtihani na kusoma kwa ajili ya kichwa chako mwenyewe ni vitu viwili tofauti.

Nianze na jicho, nawaeleza kwa lugha ya kimbwetani. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga unaingia, unakunjwa na konea na lenzi, unakutana sehemu moja kwenye retina, ile ngozi ya nyuma. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi, kwahiyo mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina, na kinachofika nyuma ni ukungu. Milimita moja tu ya ziada inakupa karibu mainasi mbili na nusu hadi tatu. Watafiti wengi wakishafika mainasi sita wanaliita tatizo kali. Na ukitaka kujua mwisho wa macho yako bila miwani, gawa mita moja kwa namba yako. Mimi: sentimita 100 gawanya kwa 9, ni sentimita 11. Dunia yangu iliyo wazi inaishia sentimita 11 kutoka usoni. Nikitaka kuuona uso wa mtu vizuri bila miwani, labda anibusu. (Mama, kama unasoma, ni mfano tu.)

Lakini jicho halioni, linakusanya tu mwanga na kuutuma. Anayeona ni ubongo, na chumba chake kikuu cha kuonea kipo nyuma kabisa, kisogoni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu ya paka.

David Hubel na Torsten Wiesel, pale Marekani, miaka ya 1960, walichukua vitoto vya paka wakaviziba jicho moja katika wiki za mwanzo za maisha. Baadaye wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, mwanga unaingia vizuri, ila kisogoni karibu hakuna aliyekuwa analisikiliza. Seli ambazo zingelihudumia lile jicho zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Kazi yao ya kuuchunguza ubongo unavyoona iliwapa Nobel mwaka 1981. Ndiyo maana mtoto mdogo mwenye jicho moja bovu akichelewa kusaidiwa, miwani peke yake inaweza isitoshe baadaye. Jicho linakuwa tayari, ubongo umeshazoea kuishi bila hilo jicho.

Nikajisemea basi, nimekwisha, miaka yote ile Kilosa! Lakini nikatulia. Mtu wa mainasi kama mimi si kama yule paka. Vya karibu nilikuwa naviona. Daftari nikilileta puani naliona, dagaa kwenye sahani nawaona, sindano naitunga uzi kuliko bibi na mama. Ubongo wangu ulikuwa unapata chakula, ila ni cha sahani moja tu.

Nikaja sasa kwenye ile habari ya Zai yenyewe. Ni kweli kuna tafiti za namna hiyo, na nyingi zinatoka China, nchi yenye vijana wengi sana wasioona mbali. Mmojawapo ulitoka mwaka 2016, wa watafiti wa Nanchang. Walichukua watu 38 wenye tatizo kali na wengine 38 wenye macho ya kawaida, wa umri na jinsia zinazolingana, wakawalaza mmojammoja kwenye mashine ya MRI. Hawakuwapa kazi yoyote. Wewe lala, tulia, usiwaze kitu maalumu. Maana ubongo hata ukiwa umepumzika hauzimi, unaendelea kunguruma polepole kama jenereta, na mashine inausoma mngurumo huo kupitia oksijeni iliyo kwenye damu.

Walichokuta ni kwamba kwa wale wa mainasi kali mngurumo ulikuwa hafifu zaidi kwenye baadhi ya sehemu, zikiwemo za pembeni na za mbele, na ulikuwa na nguvu zaidi kwenye sehemu nyingine za katikati na za juu. Baadhi yake ni sehemu zinazohusika na kutambua vitu, na kuelekeza umakini. Yaani tofauti haikuwa chumba cha kuonea peke yake, ilienea mpaka kwa majirani zake.

Sasa hapa ndipo sisi walimu watarajiwa tunatakiwa kusoma kwa akili. Utafiti wa aina hii ni kama picha ya mnato. Unakuonyesha kwamba hawa wako hivi na wale wako vile siku ile. Haukuambii kipi kilitangulia. Na "tofauti" si jina lingine la "mbovu". Hakuna mahali wale watafiti waliposema watu wa mainasi wana akili ndogo. Kichwa cha habari cha kwenye simu ya Zai ndicho kilichoruka hatua tatu.

Halafu nikakutana na kitu kilichonifanya niache kuogopa. Mwaka 1998 watafiti walichukua watu wenye macho mazuri, wakawavalisha lenzi za kuwatia ukungu kwa nusu saa. Mwanzoni herufi za mbali ziliwashinda. Baada ya nusu saa walizisoma vizuri zaidi kuliko mwanzo, wakiwa na lenzi zilezile. Wakapimwa macho, macho hayakuwa yamebadilika kitu. Aliyebadilika ni ubongo. Ulikuwa umeanza kujifunza lugha ya ukungu.

Nusu saa tu, jamani! Mimi niliishi kwenye ukungu miaka. Ndipo nikaelewa zile siku tatu za kutembea kama mlevi, na nini kilichonyooka mwishowe. Nikaelewa na kile kipaji changu cha kumtambua mtu kwa mwendo akiwa mita hamsini. Ubongo wangu haukuwa umelala pale nyuma ya darasa. Ulikuwa unafanya kazi mara mbili ya wenzangu, unaokoteza sauti, unakisia herufi, unapeleleza daftari la jirani, ili upate nusu ya walichopata wao. Wakauita kilaza.

Ningeweza kuishia hapo, nikajipongeza, tukaagana. Ila kuna kitu sijakisema, na ndicho kilichoninyima usingizi usiku ule kuliko MRI zote za China.

Mwaka jana, 2024, kuanzia Julai, tulitawanywa kwenda mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipangiwa shule moja ya kata mkoa wa Pwani. Jina naliacha, maana walimu wake walinipokea vizuri na kosa ni langu. Nilipewa kidato cha tatu, Baiolojia, darasa la watu 71. Mnajua tulivyo kwenye mazoezi. Andalio la somo limepigwa pasi, sketi imepigwa pasi, na moyo unadunda kwamba supervaiza anaweza kutokea dirishani wakati wowote.

Mada ilikuwa milango ya fahamu. Nikachora jicho ubaoni, kubwa, kwa chaki za rangi. Nikachora la mtu asiyeona mbali, mwanga unaishia njiani kabla ya retina. Nikavua miwani yangu, nikawaonyesha lenzi, wakacheka, nikacheka nao. Lilikuwa somo zuri, nawaambia ukweli. Kisha nikaanza kupita kukagua madaftari.

Nyuma, karibu na dirisha, kulikuwa na binti nitamwita Neema, si jina lake. Mkimya, mrefu. Nikafungua daftari lake. Kwenye mchoro alikuwa ameandika jina la retina pale panapokaa konea, na konea pale pa retina. Nikatazama la jirani yake: kosa lilelile, mshale uleule umepinda vilevile. Hata neno ambalo jirani alikuwa amelikosea akalikata kwa mistari miwili, Neema naye alikuwa ameliandika na kulikata kwa mistari miwili. Alidesa mpaka kosa.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemwona mtu kama supervaiza anakatiza nje. Si sababu, nasema tu ilivyokuwa. Nikaliinua lile daftari juu darasa zima lilione, nikasema, "Hivi unadesa mpaka vilivyofutwa? Huu ukilaza wa wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Neema akainamisha kichwa. Nami nikaendelea na safu inayofuata, na miwani yangu ya mainasi tisa usoni, na mchoro wa jicho lisiloona mbali nyuma yangu ubaoni.

Nilikuja kushtuka jioni, tena siyo kwa akili zangu. Nilikuwa kituoni nasubiri usafiri, Neema akapita upande wa pili wa barabara. Nikampungia mkono. Akanitazama moja kwa moja, akapita. Hakuniamkia. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, na Mungu ananisikia, ni: huyu mtoto ana majivuno, amenuna. Halafu nikaisikia sauti ya mama mdogo, "ananipita kama nguzo." Magari mawili yalipita nikashindwa kupanda.

Kesho yake nilimwita saa ya mapumziko. "Shikamoo madamu," akasema, anatetemeka, anajua anakuja kuchapwa. Nilikuwa nimechora herufi E kwenye makaratasi, kubwa mpaka ndogo, nyingine zimegeukia kulia, nyingine juu, chini, kushoto. Nikapima hatua za mita sita pale nje ya ofisi. Nikamwambia anyooshe vidole vitatu kuonyesha E imeelekea wapi, jicho moja, halafu lingine. Ile kubwa kabisa akapata. Ya pili akakunja uso, akafinya macho, akakisia. Ya tatu akasema, "Madamu, hapo kuna kitu?"

Nilimwomba radhi palepale, nyuma ya jiko la chai la walimu. Akasema, "Hamna shida madamu, nimezoea." Kama kuna neno lililowahi kunichapa kuliko fimbo, ni hilo.

Hospitali ya wilaya walimpima: mainasi tano na nusu. Nikaenda kwao na mwalimu wa darasa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni." Mama yake ni mtu mpole, anauza maandazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, wewe ulianza kuvaa lini?"

"Kidato cha pili, mama."

"Na namba yako imeshuka?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana mama. Imepanda."

"Si ndiyo hapo," akasema taratibu. "Ukishavaa, macho yanadekezwa, yanakufa kabisa."

Nikamweleza kwamba namba inapanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linazidi kurefuka, na miwani siyo inayolirefusha. Kuna utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 ambao watoto walipewa miwani dhaifu kuliko waliyohitaji, wakidhani itasaidia. Macho yao yaliendelea kuharibika, tena zaidi kidogo kuliko ya waliopewa miwani kamili. Kwa mama sikusema Malaysia. Nilisema, "Mama, asipovaa haoni anachofundishwa. Mimi niliitwa kilaza miaka mitatu. Na juzi mimi nimemwita yeye." Mwalimu wa darasa akanigeukia, alikuwa hajui. Mama akanyamaza, akatumiminia chai. Mwishowe akasema, "Tutaona nikikusanya kusanya."

Na mama huyu hayuko peke yake. Nilikuja kusoma pale maktaba utafiti uliotoka mwaka 2002 wa wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza. Walipima zaidi ya 2,500. Karibu 6 kati ya kila 100 hawakuwa wanaona mbali, na kati ya wale wote waliohitaji miwani, waliokuwa nayo hawakufika theluthi moja. Utafiti mwingine wa hapahapa nchini, wa mwaka 2008, ulilinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na waliopewa karatasi tu waende wakanunue. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wanaitumia kwenye kundi la bure walikuwa karibu nusu. Kwenye kundi la karatasi, robo hivi. Ona hiyo nusu nyingine ya waliopewa bure. Wanaogopa kuitwa macho manne, wanaambiwa miwani inaua macho, wanaiacha sandukuni. Kumbe ikivaliwa inalipa. Kwenye shule za msingi za vijijini magharibi mwa China watoto waligawiwa miwani bure, na matokeo ya utafiti huo, yaliyotoka mwaka 2014, yalionyesha alama zao za hesabu zimepanda. Hawakupewa tuisheni wala mwalimu mpya. Walipewa miwani tu.

Siku ninaondoka pale shuleni Neema alikuwa bado hana miwani. Ila alikuwa ameshahamia deski la mbele kabisa, na warefu walionyuma yake walinung'unika wakazoea. Nilichora moyo ubaoni. Nikapita kukagua. Mishale yake yote ilikuwa sahihi. Jirani yake mpya alikuwa amekosea mmoja, na Neema ndiye aliyekuwa anamwonyesha kwa kalamu, "Siyo hapa, ni hapa." Nikapita haraka kwenda safu nyingine maana machozi yalikuwa yananikaribia na miwani ikipata ukungu sioni kitu.

Ndiyo hivyo wapendwa. Habari ya ubongo wangu kubadilika hainitishi tena. Umebadilika kwa kuhangaika, na ubongo wowote unaohangaika hubadilika. Kinachonitisha ni jinsi ulivyosahau haraka. Miaka michache tu ya kuona vizuri, nami nikawa yule mwalimu wa darasa la tano, bila fimbo tu.

Kwa hiyo nyie wenzangu mnaosubiri kupangiwa shule, nawaomba. Mtoto anayedesa mpaka kosa, anayefinya macho, anayeleta daftari puani, anayenyanyuka kwenda kutazama ubao kwa karibu, asiyekuamkia barabarani, kabla hujamwita jina lolote, mpeleke nje na karatasi ya herufi E na mita sita. Ni dakika tano. Na nyie wenzangu wa mainasi kali, siku mkiona ghafla vimulimuli vya mwanga, au vidoa vyeusi vingi, au kama pazia linashuka upande mmoja, msisubiri bumu liingie. Hospitali siku hiyohiyo, maana macho yetu marefu retina yake huvutika na inaweza kuachia.

Kuna deni moja sijalilipa. Nilimtukana Neema mbele ya watu 71, nikamwomba radhi tukiwa wawili nyuma ya jiko la chai. Mimi ni mtu wa sayansi, najua hesabu hiyo hailingani. Ilitakiwa nisimame palepale ubaoni niseme, "Juzi nilikosea." Niliogopa darasa lingenidharau. Sasa hivi wapo kidato cha nne. Nimeshaongea na mwalimu wa darasa, ameniambia njoo tu, kipindi cha Baiolojia ni Ijumaa. Nauli ninayo. Zai amesema atanisindikiza, ila kwa sharti kwamba nimnunulie chapati njiani.

Haya, nawaacha. Nikirudi nitawasimulia. Usiku mwema.